Meza Kumi na Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Daftari hili tulipewa mwezi wa saba kwenye semina ya wakusanya kodi, ili tuandike "observations", yale tunayoyaona sokoni. Wenzangu wanafungia karanga kwa karatasi zake. Mimi nitaandika, kwa sababu jioni zimekuwa ndefu na nyumbani sina wa kuongea naye tangu mtoto wangu alipokufa mwezi wa tatu.

Naitwa Adèle. Nakata jeton Soko la Mizani, hapa Bunia, huu mwaka wa kumi na mbili. Jeton ni ile tikiti ndogo ya kila asubuhi: mama mwenye meza anatoa francs mia tano, mimi namchania karatasi. Kazi yote ni hiyo, kupita, kuchana, kupokea, na kutukanwa kidogo.

Mvua.

Alhamisi, 4 Septemba

Chef Jérôme alitukusanya akatusomea barua. Baraza linatayarisha bajeti ya mwaka ujao na sanduku halina kitu. Wanapima mambo matatu: kupandisha jeton kutoka mia tano hadi elfu moja, kupunguza wafagiaji, na kupunguza sisi, tuko sita tubaki wanne. Jérôme alisoma yote hayo akiwa na kijiti cha meno mdomoni, kama mtu anayesoma bei ya viazi.

Wenzangu walianza kupiga kelele. Mimi nilikuwa natazama kandambili zake.

"Mama Adèle, weye hausemi kitu?"

"Niseme nini, chef."

Kama barua ingesema soko linahamia mwezini, ningeuliza tu tunaanza saa ngapi.

Ijumaa, 5 Septemba

Mvua. Wafagiaji wawili hawakuja.

Jumanne, 9 Septemba

Nilipofika mstari wa tatu nilikuta meza ya Léonie imegeuzwa, miguu juu. Léonie ndiye anayeuza samaki wa kukausha, meza namba arobaini na mbili. Jirani yake Grâce, wa unga wa muhogo, aliniambia kabla sijauliza.

"Willy amekufa. Juzi dimanche, ku Tchomia. Mutumbwi ilipinduka na upepo. Walimupata jana asubuhi."

Willy ni mume wa Léonie. Alikuwa mvuvi, mtu wa kucheka, kila mwezi alikuja na samaki juu ya lori na kumtania kila mama wa mstari ule. Léonie ameshakwenda huko kwa matanga.

Naandika desturi hii kwa sababu haijaandikwa popote. Hapa Mizani, mama akifiwa, majirani wake wanageuza meza yake miguu juu siku ile ile habari inapofika. Kuanzia hapo hakuna anayemdai jeton, na hakuna anayeweka hata kikapu mahali pake. Akirudi, siku arobaini au karibu na hapo, si yeye anayeigeuza. Ni majirani. Wanaigeuza, wanaiosha, na kila mmoja anaweka juu yake kitu kidogo cha kuanzia, kitunguu, kopo la maharagwe, chumvi. Kwa miaka kumi na mbili nimepita pembeni ya meza za namna hiyo bila kufungua kitabu changu. Hata Jérôme, ambaye angeweza kumkatia jeton mama yake mzazi, anapita pembeni.

Mkata jeton hana meza. Mimi nilirudi kazini siku ya nne.

Jumatatu, 15 Septemba

Zimekuja karatasi kutoka baraza. Wanataka hesabu ya meza zote kabla ya Ijumaa, ili wajue soko linaweza kutoa nini. Kila meza iwekwe katika safu moja kati ya tatu: inalipa, hailipi, tupu.

Mistari mitatu ya kwanza ni yangu. Leo kulikuwa na meza kumi na moja miguu juu. Ni nyingi, lakini mwaka huu watu wamekufa sana. Nilimwendea Jérôme.

"Chef, na hizi za matanga naziweka wapi?"

"Iko na colonne yake?"

"Haiko."

"Basi angalia weye mwenyewe."

Nilifikiri kwa muda wa dakika moja hivi. Nikiandika "hailipi", nilijiambia, watawatumia polisi wa soko na faini, na mwanamke atatoka matanga akute convocation, barua ya kuitwa polisi. "Tupu" niliona ni neno laini. Meza tupu haina mtu wa kusumbua. Basi nikaandika tupu, mara kumi na moja, kwa mwandiko mzuri. Sikuhisi lolote. Siku hizi sihisi hata chumvi kwenye mboga ya sombe.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepeleka karatasi. Wamepiga muhuri.

Jumanne, 23 Septemba

Leo amekuja Alphonse, mmoja wa washauri wa baraza. Alikuja na botte za mvua na akaingia kwenye matope kweli, si kama wengine wanaosimama getini. Alisimama juu ya kasha la bia kati ya mstari wa pili na wa tatu.

"Bamama, mi mwenyewe mama yangu aliuza makala ya kupikia. Elfu moja kwa siku, ni kuwaua. Sitakubali. Tutatafuta feza fasi ingine, si mu mufuko ya mama."

Walimpigia vigelegele. Grâce alimpa kilo mbili za unga, yeye akakataa kwanza, kisha akachukua. Mimi nilimpenda, kadiri ninavyoweza kupenda kitu sasa. Nilijiambia, huyu angalau anajua matope yetu yana harufu gani.

Jérôme alikuwa anachokonoa meno. Alisema tu, "Fasi ingine ni wapi?" Nilimwona mtu wa roho mbaya.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua siku tatu. Wafagiaji wote wamesimamishwa. Kabichi zilizooza zinaelea hadi kwenye mguu wa meza.

Jumatano, 8 Oktoba

Kikao cha baraza. Jérôme aliniambia nimsindikize kubeba madaftari, tukakaa kwenye benchi la nyuma. Bati lilipiga kelele ya mvua hata washauri walikuwa wanapaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Walianza na wafagiaji. Ilichukua dakika tano, wamekwenda. Kisha taa za soko, zisubiri. Kisha sisi, wanne tu kuanzia Januari, majina yatatoka baadaye. Kisha wakafika kwenye jeton na Alphonse akasimama. Alisema vizuri. Alisema mama wa Mizani analisha watoto sita kwa faida ya beseni moja. Rais wa baraza, mzee wa sauti ndogo, alimwuliza basi pengo lizibwe na nini. Alphonse akainua karatasi.

"Mheshimiwa rais, soko ile iko na meza zenye hazifanye kazi. Kumi na moja, mu mistari tatu tu. Tupu. Tuzipatie batu wenye wanaweza kulipa droit d'entrée, feza ya kuingia. Na jeton ipande kidogo tu, kuanzia sasa, sept cents, mia saba. Hakuna mama atalia."

Watu walipiga makofi. Halafu akaanza kuzisoma, namba kwa namba. Mwandiko ulikuwa wangu. Hata kutoka kule nyuma niliutambua, ile saba yangu yenye mstari katikati.

"Rangée ya tatu, numéro quarante-deux."

Arobaini na mbili. Nilielewa wakati huo, si kabla. Nilielewa kwamba Léonie yuko Tchomia anakalia mkeka na kwamba meza yake inapewa mtu. Kusimama kulihitaji sekunde mbili. Kusema, "Samahani, zile si tupu, ni za matanga," ni maneno machache kabisa. Jérôme alinitazama. Nilitazama mikono yangu juu ya madaftari, na mikono ilikuwa imetulia, na kinywa hakikufunguka. Walinyanyua vidole, ikapita, wakaenda kwenye jambo la choo.

Nilitembea nyumbani kwa miguu. Nilipika, nikala, nikalala. Naandika haya asubuhi ya tarehe tisa, na naona aibu kwamba nililala vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikumwambia Grâce.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wapya wamekuja na risiti zao. Meza ya Léonie amepewa msichana anaitwa Glodie, anauza viatu vya plastiki. Aliigeuza mwenyewe, peke yake, bila kujua alichokuwa anafanya, akaipangusa kwa karatasi. Grâce alimshika mkono.

"Weye, acha. Ile meza ni ya mutu."

"Mama, mi nimelipa. Angalia risiti. Mi natoka Bogoro, tumeuzisha ng'ombe ya baba juu ya hii meza."

Glodie si mtu mbaya. Grâce aliachilia mkono wake, akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimefika na kitabu.

"Nani alisema ni tupu?"

"Ni mimi niliandika."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza zile safu tatu, polisi, faini. Nilieleza kwa mpangilio mzuri sana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua mia saba akaiweka juu ya meza badala ya mkononi mwangu, akageuka kupima unga.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Grâce ameweka hela juu ya meza.

Jumatano, 15 Oktoba

Juu ya meza. Na mama wa maharagwe pia, na yule wa mafuta.

Jumatatu, 20 Oktoba

Léonie amerudi. Alikuja saa mbili, amevaa nguo nyeusi, nywele zimenyolewa, beseni la samaki kichwani. Niliwaona majirani zake wakisimama mmoja mmoja, na hakuna aliyekwenda kumpokea kwa sababu hawakujua wampokee wapi. Alisimama mbele ya viatu vya plastiki. Alitazama namba kwenye mguu wa meza, kisha akamtazama Glodie, kisha Grâce. Grâce alimwambia sikioni. Nilikuwa mbali kidogo. Ningeweza kukata kona kwenda mstari wa pili, na naandika ukweli kwamba miguu ilijaribu. Lakini nikaenda.

"Pole na msiba, mama Léonie."

"Ni weye uliandika tupu?"

"Ndiyo."

"Mutu amekufa, na weye unaandika tupu."

Hakupaza sauti. Nilitaka apaze. Alikwenda getini, akatandika gunia kwenye matope, akapanga samaki chini. Saa nne nikafika getini na kitabu. Wanaokaa chini nao wanalipa, hiyo ni sheria iliyoandikwa. Nilimchania jeton. Alilipa na noti ndogo zilizolowa, na mimi nikapokea, nikamwambia asante kama ninavyowaambia wote.

Jioni nilinawa mikono mara tatu. Kuna kitu kilinichoma kifuani, kidogo tu, kisha kikaacha.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua. Léonie chini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Léonie chini. Samaki wamelowa, anawauza nusu bei.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Léonie chini, anakohoa. Grâce alimwambia wagawane meza yake ya unga, naye akakataa. Alisema yake ipo.

Nimekula chakula chenye ladha leo, kwa mara ya kwanza, na ladha ilikuwa mbaya.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemwendea Jérôme ofisini, ile kontena ya nyuma ya vyoo. Nilimwambia nataka kuandikia baraza kwamba niliwadanganya, kwamba zile meza kumi na moja zina wenyewe. Nilitegemea aniambie nisimletee matatizo kabla ya majina kutoka.

Alitoa kijiti mdomoni. Alikiweka juu ya meza, akachukua karatasi.

"Unajua siku ile mu kikao nilikuangalia," alisema. "Nilikuwa nangoja weye uongee. Na mi pia nilikuwa na kinywa."

Aliandika barua mwenyewe, kwa Kifaransa kizuri ambacho sikujua anacho. Chini aliacha mahali pa sahihi yangu, na chini ya hapo akaweka yake. Nilimwambia si lazima, kosa ni langu.

"Colonne ni mi nilikuambia uangalie weye mwenyewe. Sayini, mama."

Kumbe miezi yote hii nilikuwa nafanya kazi na mtu, na sikujua.

Jumatano, 12 Novemba

Kikao cha pili, cha kufunga bajeti. Hakukuwa na mvua, kwa hiyo kila neno lilisikika. Mama kumi wa Mizani walikuja wakasimama ukutani, Grâce na Léonie mbele. Barua ilisomwa. Rais aliniita nisimame.

"Mama, ni weye uliandika tupu?"

"Ni mimi."

"Na hazikuwa tupu?"

"Hapana. Mwenye meza akifiwa, wanaigeuza. Hatumuombi jeton mpaka arudi. Niliandika tupu kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuandika matanga."

"Iko sheria gani inasema asilipe?"

"Hakuna, mheshimiwa. Ni sisi kwa sisi."

Kulikuwa na kunong'ona. Moyo wangu ulikuwa unapiga, nilishangaa kuusikia. Mshauri mmoja alisema meza zimeshauzwa, pesa zimeingia, mambo yameisha. Mwingine alisema hata yeye alizika ndugu yake kule Nyankunde mwaka jana na hakuna aliyemsamehe kodi ya nyumba. Léonie alikuwa hatazami mtu. Kisha Alphonse akanyanyua mkono, na mimi nikafurahi. Mtoto wa mama muuza makala, nilijiambia, huyu ataelewa.

"Mheshimiwa rais, hii desturi ni nzuri. Ni ya bababu zetu. Hatuwezi kuivunja. Mi napendekeza tuitambue." Alingoja makofi ya wale mama, nayo yakaja. "Tuitambue na karatasi. Jeton ya matanga. Mama analipa mara moja, dix mille, elfu kumi, anaandika jina la marehemu, na meza yake inalindwa siku arobaini. Hakuna mutu ataigusa. Mu masoko yote ya muji."

Makofi yaliisha katikati. Rais alitazama karani wa fedha, karani akapiga hesabu pembeni ya karatasi, akatikisa kichwa kukubali. Alisema, na naandika neno kwa neno, kwamba vifo katika masoko ni chanzo cha mapato cha kuaminika.

Wakanyanyua vidole. Wamama kumi na mmoja watarudishiwa meza zao wakishalipa jeton hiyo kwa matanga yaliyopita. Glodie na wenzake watapewa mahali karibu na vyoo. Alphonse alipotoka alimshika kila mama mkono kwa mikono miwili. Alikuwa ameridhika kabisa, sidhani alijua amefanya nini. Jérôme alipita karibu yangu akasema, "Ndiyo ile fasi ingine," na hakucheka.

Jumatatu, 17 Novemba

Majina yametoka. Jérôme ataondoka Januari, na kijana wa mstari wa sita. Mimi nimebaki. Barua inasema ni kwa sababu ya "rigueur", yaani umakini, katika kujaza karatasi.

Jumatatu, 24 Novemba

Léonie amelipa. Hakuwa na elfu kumi, mstari wa tatu walichangishana. Vitabu vya matanga bado viko kwa mchapishaji, kwa hiyo nilimwandikia kwenye risiti ya kawaida. Jina la marehemu, nikamwuliza, ingawa nalijua, kwa sababu karatasi inataka aseme yeye.

"Willy," alisema. "Nilimulilia bure ku Tchomia siku makumi ine. Sikujua inalipishwa."

Glodie alihamisha viatu vyake mwenyewe na kuomba msamaha. Majirani waliigeuza meza miguu juu kwa dakika moja, ili wapate kuigeuza tena kama inavyotakiwa. Waliiosha. Grâce aliweka unga, mama wa maharagwe aliweka kopo moja. Nilisimama na kitabu changu kando. Niliona wivu, nauandika wazi, wivu wa mwanamke ambaye watu wanamwoshea meza.

Léonie aliniita nilipotaka kuondoka.

"Mama Adèle, sijakusamehe, lakini nataka nikuambie kitu. Weye ulizika mutoto mwezi ya tatu. Siku ya ine nilikuona unakuja na kitabu, unachana, unasema asante. Siye wote tulikuogopa. Tulisema, huyu mama, wamemuzika pamoja naye."

Nilimchania jeton ya siku, mia saba, akaniwekea hela mkononi.

Jumatano, 26 Novemba

Sikulala.

Jumatatu, 1 Desemba

Vitabu vya matanga vimefika, karatasi za zambarau, hamsini kila kitabu. Jérôme aligawa. Mvua ilikuwa imepungua, soko lilikuwa linanuka tu. Niliketi kwenye kontena, nikafungua kitabu changu, nikatoa elfu kumi kutoka kwenye mkoba wangu nikaiweka juu ya meza yake. Kisha nikaanza kuandika kwenye karatasi ya kwanza.

"Unaandikia nani?" aliuliza Jérôme. "Hakuna mutu amefiwa leo."

"Najiandikia mimi."

"Mama, weye hauna meza."

"Karatasi haiulizi meza, chef. Inauliza jina la marehemu na siku arobaini."

Alitazama noti, akanitazama. Nilidhani atasema mambo ya règlement, kanuni za soko. Alichukua muhuri, akangoja nimalize kuandika.

Pale kwenye jina nilikwama. Sijaliandika tangu mwezi wa tatu, wala humu ndani, wala sijalitamka. Nilikuwa nikisema mtoto wangu, yule, marehemu. Kalamu ilikaa juu ya karatasi hadi wino ukafanya doa. Halafu nikaandika, Chance, miaka kumi na tisa, homa ya siku tatu. Jérôme akapiga muhuri, akachana, akanipa.

"Tutaonana mwezi ya kwanza, mama," alisema, ingawa mwezi wa kwanza yeye hatakuwepo.

Nilianza kulia kabla sijafika getini, mchana, nikiwa bado nimevaa gilet ya kazi, na Grâce akaacha unga wake akaja akanishika.